Picha za vakanse mu parke ya michezo: sura za watu kwanza, jumba nyuma

Mu Kivu, Ituri ao Tanganyika, mtu akisema "parke", wengi wanawaza kwanza Virunga, Kahuzi-Biega ao Garamba: msitu, wanyama na walinzi. Lakini kuko parke za namna ingine, zile ambazo ndugu walio Ulaya na Amerika wanapeleka watoto wakati wa vakanse. Mule hamna sokwe. Kuko treni zinazopanda na kushuka kwa kasi, farasi za mbao zinazozunguka, mashua zinazopita mu giza, na watu waliovaa nguo za Mickey ao za binti-mfalme wakiwapungia watoto mkono. Wafaransa na Wabelji wanaziita parke za michezo. Kwa familia za Wakongo walio Ufaransa na Ubelji, iliyo kubwa na inayojulikana zaidi ni Disneyland Paris. Walibi, karibu na mji wa Wavre mu Ubelji, iko toka 1975, na jina lake limetoka ku herufi za kwanza za mahali tatu za jirani: Wavre, Limal na Bierges.

Wakaaji wengi wa huku wanazijua parke hizo kwa njia moja tu: picha. Zinafika mu telefone siku ya posho jioni, kumi na tano kwa mara moja, jumba lenye minara ya buluu, mtoto mwenye masikio ya Mickey ku kichwa, baba amebeba mfuko. Koko anazifungua moja kwa moja, anakaribisha telefone ku macho, na swali lake la kwanza si juu ya jumba. Anauliza: huyu ni nani? Ni mkubwa ao ni yule mdogo? Mbona sura haionekani?

Hilo swali linastahili jibu, kwani picha mingi za parke za michezo zinaharibika palepale. Aliyezipiga alitafuta mahali, akasahau watu. Jumba la Disneyland Paris limekwisha kupigwa picha na mamilioni ya watu toka parke ilipofunguliwa tarehe 12 mwezi wa ine 1992. Yeyote anaweza kulitazama mu intaneti. Kile ambacho hakiko mu intaneti ni meno mawili ya mbele yaliyong'oka ya mtoto wa miaka sita.

Parke yenyewe na mwangaza wake

Disneyland Paris iko Marne-la-Vallée, karibu kilometa 32 mashariki ya Paris. Treni ya RER, mstari wa A, inafika mpaka ku mlango, na safari toka katikati ya mji inachukua karibu dakika 40. Parke ya pili, iliyojengwa juu ya mambo ya filme, ilifunguliwa pembeni mwaka wa 2002. Mtu akiingia parke ya kwanza anapita njia moja ndefu yenye maduka, Main Street, na mwisho wa njia kuna jumba la binti-mfalme aliyelala. Mafundi walioijenga walitumia ujanja wa macho: vitu vya chini ni vikubwa, vya juu vinapunguzwa polepole, na jicho linaamini kwamba jengo ni refu kuliko vile lilivyo. Kamera nayo inadanganyika.

Juu ya ujanja huo, kosa la kwanza la familia ni kuwasimamisha watoto chini kabisa ya jumba, kisha mpiga picha anarudi nyuma hatua ishirini ili minara yote iingie. Jumba linaingia, kweli. Watoto wanabaki wadogo sawa vile punje za mahindi. Njia iliyo bora ni kinyume: familia isimame mbali na jumba, karibu na kamera, metre mbili ao tatu tu, na jumba libaki nyuma kabisa. Minara itaonekana yote, na sura za watu zitajaza nusu ya picha.

Halafu kuko jambo la mwangaza, na hapa mtu aliyekomalia Bukavu ao Beni inaomba ajifunze upya. Huku kwetu karibu na mstari wa ekweta, jua linatoka na kuingia karibu saa zilezile mwaka mzima, saa sita ya mchana linasimama juu ya kichwa, na jioni giza linaanguka haraka. Paris si vile. Mu mwezi wa sita jua linaingia karibu saa ine za usiku, na mwangaza mlaini unabaki muda mrefu kabla na kisha hapo. Mu mwezi wa kumi na mbili ni kinyume: jua linachomoka karibu saa tatu kasoro za asubuhi, na mbele ya saa kumi na moja za jioni limekwisha kuingia. Familia inayokwenda wakati wa Noeli, ikifika saa ine za asubuhi, iko na masaa kama saba tu ya mwangaza wa kweli. Kwa hiyo picha za familia zifanywe asubuhi, mbele ya kusimama mu mistari mirefu, wakati watoto wangali na nguvu na nguo hazijapata alama za shokola.

Asubuhi tena kuko faida ingine: jua linapiga upande wa mbele wa jumba. Jioni linashuka nyuma yake. Picha ya jioni ya minara myeusi mbele ya anga jekundu inaweza kuwa nzuri sana, lakini watu waliosimama mbele yake watatoka weusi kama makaa, bila macho wala kicheko. Aliye na akili atapiga picha mbili: moja ya anga bila watu, na ingine ya watu wakigeukia upande wa jua.

Ngozi nyeusi na kamera

Hapa inaomba kusimama kidogo, juu ni hapa familia zetu zinapoteza picha nyingi kuliko pengine pote.

Kamera ya telefone mara mingine haitambue sura ya mtu. Hapo inapima mwangaza wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Kama nyuma kuko anga jeupe na jumba la rangi ya waridi, kamera inaona mwangaza umepita kiasi, inapunguza, na sura nyeusi inapunguzwa pamoja na anga. Mtoto anatoka na nguo nzuri na sura isiyosomeka. Watu wanasema telefone ni mbaya. Mara nyingi telefone haina kosa.

Jambo hilo liko na historia, na historia yenyewe inagusa parke hizi. Disneyland ya kwanza ilifunguliwa Anaheim, mu California, tarehe 17 mwezi wa saba 1955, na kampuni ya Kodak ilikuwa na duka lake ku Main Street toka mwanzo. Kwa makumi ya miaka Kodak iliweka vibao mu parke za Disney kuonyesha wageni mahali pa kusimama ili wapate picha nzuri. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikitumia maabara za kusafisha filme karte yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita "Shirley". Fundi alipanga rangi mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Kisha hapo, picha zote za wateja zilipita ku kipimo hicho. Mtafiti wa Canada Lorna Roth, aliyechunguza habari hiyo, alionyesha kwamba malalamiko yaliyosukuma Kodak kufikiri upya juu ya rangi za kahawia yalitoka pia kwa watengenezaji wa shokola na wa meza na viti vya mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri mu picha za matangazo. Shokola ilisikilizwa. Wazazi weusi, ambao watoto wao walikuwa wakitoka mu picha ya darasa na macho na meno tu, walikuwa wamelalamika pia.

Telefone za leo ziko afazali. Mwaka wa 2021 Google ilitangaza kazi iliyoita Real Tone mu telefone zake za Pixel 6, ili ngozi nyeusi itoke sawa vile ilivyo. Lakini hata mu telefone ya bei ndogo kuko dawa, na haiombe franka. Kabla ya kufinya, mtu aguse kwa kidole sura ya mtoto mu kioo cha telefone. Kamera itapima mwangaza wa sura, si wa anga. Mu telefone mingi kanatokea kajua kadogo pembeni: akiburute juu polepole mpaka macho yaonekane. Anga litakuwa jeupe kupita kiasi, na hiyo si hasara.

Njia ingine ni kivuli. Saa sita ya mchana mu mwezi wa saba, mzazi anawaza kwamba jua kali ndilo zuri. Jua hilo linaweka vivuli chini ya macho na linafanya paji la uso ling'ae. Chini ya mti ao ku mlango wa duka, mtoto akitazama upande ulio wazi, mwangaza unafika laini ku uso mzima. Na kama ndani ya familia kuko watu wa ngozi tofauti, mama mweusi na bibi-arusi mzungu kwa mfano, yule mweusi zaidi asimame upande unaotoka mwangaza, na kidole kiguse sura yake.

Usiku, flashi ya telefone inafika metre chache tu. Kuipiga kuelekea jumba lenye taa ni kazi bure: inaangaza vichwa vya watu wa mbele na kuacha jumba mu giza. Wakati wa maonyesho ya taa na fataki ya kufunga siku, heri kuizima, kuegemea chuma ao ukuta ili mkono usitetemeke, na kutumia mwangaza wa madirisha ya maduka ya Main Street kama taa. Mtoto akisimama karibu na dirisha la duka la bombo, anapata mwangaza mzuri kuliko flashi yoyote.

Vitu vinavyokatazwa

Kijiti cha selfi kimekatazwa. Disney ilikipiga marufuku mu parke zake za Marekani toka tarehe 30 mwezi wa sita 2015, na mu ile ya Paris kesho yake. Siku chache mbele ya hapo, mu California, treni moja ya kasi ilisimamishwa kwa muda wa saa moja na zaidi juu abiria alitoa kijiti chake katikati ya safari. Mtu anaweza kucheka, lakini kitu cha chuma kinachoponyoka mkononi mu treni ya kasi kinaweza kumpasua kichwa mtu aliye nyuma. Telefone pia ni hivyo hivyo. Ibaki mu mfuko wenye zipu.

Drone hazikubaliwe, na miguu mikubwa ya kamera pia. Flashi inakatazwa ndani ya michezo ya giza, juu inaharibia wengine na inawapiga macho waigizaji. Mu ule mchezo wa mashua uitwao "it's a small world", uliotengenezwa kwanza kwa maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, wanasesere wa inchi mbalimbali wanaimba pande zote mbili. Taa zao zinatosha. Mashua inakwenda polepole, kwa hiyo mtu asubiri wakati ambapo taa za rangi zinaangukia sura ya mtoto wake, na ampige yeye akitazama, si wanasesere. Chini ya jumba kuko dragoni wa mashine mwenye urefu wa karibu metre 27, analala, anaamka, anatoa moshi. Mule giza ni nyingi. Watoto wadogo wengine wanalia. Mzazi aweke telefone chini, amshike mtoto mkono. Picha ya mtoto anayelia mbele ya dragoni itamchekesha yaya wake, lakini yeye mwenyewe haitamfurahisha.

Picha inayopigwa na mashine

Mu michezo ya kasi, kama Hyperspace Mountain, ambayo mtoto wa chini ya metre 1,20 hakubaliwe kupanda, ao ile hoteli ya Tower of Terror ambamo asansere inaanguka, kamera iko imefungwa mahali watu wanapoogopa zaidi. Gari linapopita, kipima kinaijulisha kamera na inapiga yenyewe pamoja na taa. Ku mlango wa kutoka, abiria wanajiona mu vioo: huyu amefumba macho, yule kinywa wazi, mama amekamata kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili.

Picha hizo zinauzwa, na bei yake si ya kuchekesha. Disneyland Paris iko na huduma iitwayo PhotoPass: mteja anapata karte yenye namba, kila fotografe wa parke ao kamera ya mchezo inaunganisha picha na ile namba, na kisha anazipata ku intaneti. Familia inayokwenda siku moja tu, yenye watoto wadogo wasioweza kupanda michezo ya kasi, mara nyingi haina faida ya kuinunua. Familia ya watu wanane, yenye vijana watakaopanda kila kitu, inaweza kugawanya bei na kuona haikuwa mingi. Na fotografe aliye karibu na Mickey hakatazi mzazi kupiga kwa telefone yake mwenyewe; mara mingi akiombwa kwa heshima atapiga hata kwa ile telefone, bila malipo, ili na mama aingie mu picha.

Hilo la mama lisipite hivi hivi. Mu picha za vakanse za familia mingi kuko mtu mmoja asiyeonekana hata mara moja, na ni yule anayeshika telefone. Miaka kumi kisha, mtoto anatafuta picha ya mama yake ya wakati ule na anakuta kivuli chake tu ku chini. Inaomba telefone ibadilishwe mikono. Mtoto wa miaka saba anaweza kupiga picha. Itapindama, kichwa kitakatika kidogo, lakini mama atakuwamo.

Kuhusu watoto wenyewe: mtu mzima akisimama na kupiga kutoka juu, anapata paji la uso na viatu. Apige magoti, kamera iwe sawa na macho ya mtoto. Ku farasi wanaozunguka, wale wa Lancelot, asikimbize farasi. Achague mahali pamoja, asubiri, na afinye mara nyingi mfululizo kila mtoto anapofika. Picha moja kati ya kumi itakuwa safi, na moja inatosha. Mtoto asilazimishwe kumkumbatia Mickey. Kwa mtoto wa miaka miwili, huyo ni panya mkubwa asiyesema.

Watoto wa wengine

Mu parke yenye watu maelfu, hakuna picha bila mtu mwingine nyuma. Hiyo inaeleweka. Lakini kumlenga mtoto wa watu, juu nguo yake ni nzuri ao anacheka vizuri, na kumuweka ku Facebook, ni jambo lingine. Mu Ufaransa kila mtu analindwa na kifungu cha 9 cha sheria ya raia, kinachohusu heshima ya maisha ya mtu binafsi, na haki juu ya picha yake inatoka hapo. Na toka tarehe 19 mwezi wa pili 2024 kuko sheria inayosema wazi kwamba wazazi wawili pamoja wanalinda haki ya mtoto wao juu ya picha zake, na kwamba mtoto ahusishwe kufuatana na umri wake. Maana yake, baba hawezi kusema "ni mtoto wangu, naweka picha namna napenda" kama mama hataki. Wazazi walioachana wamekwisha kufikishana ku korti juu ya mambo kama hayo.

Watoto wa huko wanajua. Msichana wa miaka kumi na mbili aliyezaliwa Liège anaweza kumkataza shangazi yake aliye Goma kuweka picha yake ku status, na shangazi anaona hiyo ni dharau. Si dharau. Amefundishwa ku shule kwamba picha yake ni yake.

Pia telefone inaandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa, kama mwenyewe hakuzima jambo hilo. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaondoa habari hizo. Ikitumwa kama dokima, zinabaki. Kwa hiyo picha inayotumwa kama dokima ipewe watu wa nyumba tu.

Kutuma, na maneno yanayofuata

Picha moja ya telefone ya sasa mara mingi iko kati ya mega 2 na 5. Mtu aliyepiga mia tatu kwa siku ana karibu giga nzima. Ndugu aliye Uvira, anayenunua mega za siku, akizipata zote kwa mara moja, forfe yake inakwisha mbele ya kufika ku picha ya ishirini, na telefone inajaa. Kwa hiyo mzazi achague kumi. WhatsApp inazipunguza yenyewe zikitumwa kawaida, na kwa kutazama ku kioo kidogo zinatosha. Ile moja ambayo koko atapenda kutoa ku karatasi itumwe kwa HD, njia ambayo WhatsApp iliongeza mwaka wa 2023, ao kama dokima.

Pamoja na zile kumi, sauti ya dakika moja inafaa kuliko maneno ya kuandika. "Huyu wa nguo ya manjano ni mdogo, ule wa pembeni ni mwenzake wa shule, hapo tulikuwa tumesimama saa moja na nusu mu mstari na mvua." Koko anasikia sauti, anaelewa nani ni nani, na anasikia pia kwamba ilikuwa siku ya kuchoka.

Hilo la mwisho liko na uzito wake. Picha ya parke haionyeshe miezi ambayo baba alifanya kazi za usiku ili kulipa tike za watu watano, wala mikate iliyotayarishwa nyumbani juu chakula cha ndani ni bei kali. Inaonyesha kicheko na jumba. Huku, mu nyumba ambamo minerval ya shule haijalipwa, watu wanatazama kicheko na jumba na kufanya hesabu yao. Kesho yake maombi yanafika. Kuko familia zilizoacha kabisa kutuma picha juu ya hiyo, na koko hajui tena sura za wajukuu wake. Ni hasara kubwa kuliko ile ya franka. Iliyo afazali ni kutuma kwa wachache, nje ya status, na kusema ukweli: tuliweka akiba mwaka mzima, tulikwenda siku moja. Wengi wakielezwa wanaelewa.

Na upande wa huku, picha hizo zinachungwa namna gani? Inchi hii imefundisha watu wake kwamba nyumba inaweza kubaki nyuma kwa saa moja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na pamoja na nyumba na maduka ziliungua albamu za arusi na za ubatizo. Mwezi wa tano 2021 mlima ulitapika tena. Wengine wamekimbia vita mara tatu, mara ine, na hakuna anayekimbia na albamu ku kichwa wakati kuko mtoto wa kubeba. Kwa familia kama hizo, picha iliyotumwa Ulaya zamani ndiyo imebaki peke yake. Vilevile ile inayotoka Ulaya inaweza siku moja kutafutwa huku, kama telefone ya huko imeibiwa mu treni.

Kwa hiyo kila picha nzuri ikae mahali pawili pasipo pamoja. Google inatoa giga 15 bila malipo kwa kila konti, ikihesabu pia barua na dokima. Zamani, mbele ya mwezi wa sita 2021, picha zilizopunguzwa hazikuhesabiwa, na watu wengi bado wanawaza hivyo, mpaka siku konti inajaa na picha mpya hazipande. Kadi ya memori ndogo ao USB iliyo nyumbani kwa ndugu mwingine, si ndani ya mfuko uleule wa telefone, ni mahali pa pili.

Mahali pa tatu, kwa ile picha moja ao mbili, ni karatasi. Studio za foto za mitaa ya Goma, Butembo na Bunia zinatoa picha ya sentimetre 10 kwa 15, zilezile zinazopiga watoto siku ya Bonane na nguo zao mpya. Fundi aambiwe asiongeze weupe wa ngozi. Wengine wanaufanya bila kuulizwa, wakiwaza wanasaidia. Nyuma ya karatasi yaandikwe majina yote kutoka kushoto, mahali na mwaka, kwa penseli laini ao kwa marker iliyoachwa ikauke vizuri, juu wino wa bic unasukuma alama mpaka mbele na wakati wa mvua unahamia ku picha iliyo chini yake.